Chapati za Mtama, Gachoka

Mwanangu Nthiga,

Huku mvua imenyesha na mbuzi amezaa mapacha. Zile chapati zisizo na ngano ulizotafuta kwa maduka yote ya Meru, mimi nimezipika! Ni mtama wetu na unga kidogo wa muhogo, nikakanda kwa maji moto ndiyo zisikatike. Mashine ya sokoni husaga ngano pia, kwa hivyo nilisaga kwa jiwe. Majirani walikuja kunicheka, wakaondoka wamebeba.

Krismasi iliyopita wajukuu wangu walikula pembeni, chakula mlichowabebea kwa mkebe, kwa sababu ngano huwafurisha. Hamjarudi tangu siku hiyo.

Mwambie mkeo Cicily mkebe aulete mtupu. Nitaujaza mimi mkienda.

Mimi mamako,
Marigu