Usinisalimu Nikiwa Mashineni

Fundi wangu Mbaraka,

Barua yoyote huanza kwa salamu, hilo nalijua. Hii yako nimeiacha bila salamu kwa makusudi, na ukifika mwisho utaona kwa nini. Usinune. Wewe si mtu wa kununia jambo hilo.

Kesho asubuhi nashika mashine yako ya randa. Tajiri wa karakana amenitaja mbele ya wenzangu, nami nikaitikia, maana mke wangu ni mjamzito na hapa Changamwe sijasikia karakana nyingine inayotafuta fundi. Nimeitikia kwa mdomo. Moyoni naogopa, Fundi, na siogopi visu. Visu ulinifundisha. Naogopa ule mlango ulio nyuma ya mgongo wa mtu anayesimama pale.

Nianze na habari za huku. Vita vimekwisha kweli, si uvumi kama ule wa mwanzo. Masanduku ya jeshi hatutengenezi tena, ila mbao zake ndizo zinazoturudia, tajiri anazinunua kuukuu na sisi tunazigeuza vitanda na milango. Zimejaa misumari. Injini ya mafuta bado inakohoa kabla ya kuwaka, na mkanda unaoizungusha mashine umeshonwa tena pale pale ulipokatikia. Kijiti chako cha mswaki kilikaa dirishani muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kukitupa, mpaka upepo ukakiondoa.

Nimekukumbuka sana wiki hii, na zaidi ile siku mashine ilipoletwa. Watu walitoka mpaka Mikindani kuja kuitazama. Meza mbili za chuma, na katikati yake pengo, na ndani ya pengo chuma cha mviringo chenye visu, kinachozunguka hata macho hayakioni. Sisi tulichekelea, tukaona mikono yetu imepumzika. Wewe uliizunguka siku nzima bila kuigusa, umefunga mikono mgongoni. Kisha ukatuita. "Randa mliyoizoea huenda kwa ubao," ukasema. "Hii imekaa, na ubao ndio unaoijia. Mikono yenu itasahau. Mikono yenu imesoma kazi nyingine miaka yote, na siku moja itafanya kile ilichokizoea."

Nilidhani unatutisha tu, ulikuwa unapenda kututisha.

Ulitutesa na masharti yako. Shuka, hapana. Mkono mrefu wa kanzu, hapana. Mwenzangu Kalume alikuja na hirizi yake ya kwao bara imefungwa kifundoni mwa mkono kwa uzi, ukamwambia aivue aitie mfukoni, itamlinda humo humo. Ubao ulio mfupi kuliko kutoka kiko cha mkono mpaka ncha ya kidole haupiti, upeleke kwenye randa ya mkono. Tafuta misumari kwanza, kwa macho na kwa vidole. Tazama nyuzi za mti zinalalia wapi. Ondoa kidogo, rudia, ondoa kidogo. Kifuniko cha visu kisiguswe. Sukuma kwa kibao, na kiganja kisipite juu ya pengo hata kama ubao umevifunika visu. Usisimame nyuma ya ubao, simama ubavuni, kwa sababu ubao ukikataa kwenda utarudi, na utarudi kwa kasi. Na ukimaliza, ondoa mkanda ungoje chuma kinyamaze chenyewe. Mara ngapi nilikuona umesimama pale unangoja, kichwa umekiinamisha, unasikiliza mlio ukishuka mpaka ukaisha. Nilikuwa naona ni upuuzi wa wazee. Sasa natamani kukuona umesimama hivyo.

Lakini sharti lililokuponza mjini lilikuwa la salamu. Hakuna kumsalimu mtu aliye kwenye mashine, na aliye kwenye mashine hajibu. Pwani hii, Fundi! Mtu akupe salamu yake usimwitikie, wewe umelelewa wapi? Unamkumbuka yule mzee wa Kisauni aliyekuja kuagiza mlango wa mvule. Alisimama nyuma yako na fimbo yake, akatoa salaam aleikum, kimya. Akarudia, kimya. Mara ya tatu akasema, "Kwani mimi ni mbwa hapa?" akaenda zake, na mlango akaagiza kwingine. Tajiri nusura akufukuze. Jioni ulioga, ukavaa kanzu ya Ijumaa, ukanichukua nikufuate hadi nyumbani kwake. Ulimbusu mkono. Ukamwambia, "Shekhe wangu, nikiwa kwenye chuma kile mimi si mtu wa kusalimiwa. Nikikuinulia mkono mmoja kwa heshima yako, wa pili unabaki peke yake." Sidhani alikuelewa. Maneno yakaenea kuwa Fundi Mbaraka ana kiburi, mashine ya tajiri imempanda kichwani. Uliyasikia ukanyamaza. Mimi yaliniuma, niliwahi kugombana na mtu kivukoni Likoni kwa ajili yako, hukujua.

Kisha kifua kikakulaza, na hukuinuka. Nilikuwamo miongoni mwa waliokuosha. Tulipofika mikononi, mzee aliyekuwa akituongoza aliitandaza kiganja kwa kiganja, akahesabu vidole polepole, akasema kwamba fundi wa mashine aliyezikwa mzima hivi hajamwona. Nililia hapo. Mwanzo nilikuwa nimejikaza.

Tajiri hakutaka mashine ilale. Akamchukua mdogo wako Hamisi, tunayemwita Ami, atoke Likoni ashike mahali pako, na sisi sote tulifurahi, mimi wa kwanza. Unamjua mwenyewe. Kwa milango ya kuchonga hana wa kumfuata, na kwa tabia watu wanamgombania. Hapiti mtu njiani ila amemuuliza hali yake, na ya wazazi, na ya mbuzi kama anao. Juma lake la kwanza aliniambia, "Saidi, marehemu kaka alikuwa mtu mwema, lakini jina la nyumba yetu limechafuka kwa jambo dogo. Mimi nitalisafisha." Kalume na mimi tulitazamana. Kumkatalia ami, na matanga yako hata hayajapoa, tungeanzaje?

Ikawa mlango uko wazi kwa kila mtu. Wauza kahawa, wateja, jamaa zake wa Likoni, wapita njia. Salaam aleikum, na Ami anageuka, mashine inanguruma, anaweka mkono wa kulia kifuani, anaitikia kwa ukamilifu wake, anauliza habari, kisha anarudi kwenye ubao. Watu wakasema sasa karakana ina mtu. Kifuniko nacho akakitoa, akasema kinamzuia kuona kazi. Fundi wa randa ya mkono anataka kuona kisu kikila mti, ndivyo alivyozoea. Kisha nikaona anaanza kupitisha vipande vifupi.

Nilimwambia. Nataka ulijue hilo. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia hata mbele ya tajiri. Tajiri alitazama wateja waliokuwa wakiongezeka, akageuza mazungumzo. Ami alinipigapiga begani. "Mashine yanijua, mwanangu," akasema. Siku hiyo hiyo ubao uligonga fundo la mti, ukamtoka mikononi, ukaruka ukatoboa bati la ukuta pale ambapo mtu angesimama. Tundu bado lipo, asubuhi jua linaingilia hapo. Ami alicheka. Mimi na Kalume hatukucheka.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo watu wote wamejifungia ndani kwa ukali wa jua, hakuna anayetembea. Mimi nilikuwa uani napanga mbao. Ami alikuwa anapitisha kipande cha mvule, kifupi mno, na Kalume yuko upande wa pili anapokea, uso wake umeelekea mlangoni. Kalume ndiye aliyeniambia, na Kalume hasemi uongo, hana hata akili ya kuutunga. Anasema Ami aligeuza shingo ghafla kama mtu aliyeitwa. Uso ukamkunjuka kwa furaha. Mkono wa kulia ukaenda kifuani, na akaitikia, "Wa aleikumu salaam," kwa sauti ya juu, kwa heshima kubwa, kama mtu anavyomwitikia mkubwa wake. Mkono wa kushoto ukabaki peke yake kwenye ubao. Ubao uliruka. Mkono haukuwa na kitu cha kushika tena, ukashuka.

Sitakuandikia nilichokiona nilipoingia. Vidole vinne vya mkono wa kushoto havipo, na kidole gumba kimenusurika. Milango ya kuchonga haitachongwa tena na mkono ule.

Nilimuuliza Kalume ni nani aliyeingia, nilitaka kumpasua. Akanitazama. "Hakukuja mtu, Saidi. Mimi nilikuwa nimeuelekea mlango. Hakukuja mtu."

Nilikwenda hospitali nikiamini nitamkuta Ami analia. Nilimkuta ametulia, mkono umefungwa mpaka kwenye kiko, na anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililonikosesha raha mpaka leo. Akanivuta karibu, akaninong'oneza ili wagonjwa wengine wasisikie. "Nilisalimiwa. Na sauti naijua. Ilikuwa ya kaka. Ningekosaje kumjua kaka, Saidi? Mtu hajatoa salamu pale maisha yake yote, leo amekuja kunipa mimi, nisimwitikie?"

Fundi, nilirudi kwa miguu nimeshika kichwa.

Nimelifikiria hili kila upande na kila upande ni mbaya. Kama si wewe, basi kuna kitu kimechukua sauti yako na kinakaa mlangoni mwa karakana, na kinajua ni nani atakayeigeukia. Kama ni wewe, ni vibaya zaidi. Uliyewakataza watu wote, uliyekubali kuitwa mwenye kiburi na kupoteza heshima yako mjini kwa ajili ya sharti hilo, umelivunja kwa ndugu yako wa tumbo moja? Au mtu akilala huko anasahau? Kalume anasema mara nyingine masikio hujaa mlio wa mashine mpaka yakatunga maneno, ni hayo tu. Anasema hivyo, lakini tajiri alipomwambia ashike yeye mashine alichukua shoka lake na kofia yake akaenda kwao, na hajarudi.

Nilikukasirikia. Nakuambia wazi. Nilikwenda kaburini kwako nikasimama na sikusoma kitu, nilikuwa na hasira. Nikatoka huko nikapita kwa Bi Zuhura, mkeo. Nilimweleza yote, nikadhani atashtuka. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. "Marehemu hata hapa nyumbani," akasema, "akinikuta na kisu au na moto, hakuniita. Alisimama pale mlangoni mpaka nikamaliza. Mara nyingine nilikuwa nageuka namkuta amesimama, sijui kwa muda gani." Kisha machozi yakaangukia ungoni. Nami nikakaa naye, nikamsaidia kutoa mawe.

Maneno yake ndiyo yaliyonitia nguvu ya kukuandikia. Jana jioni nilirudisha kifuniko mahali pake, nikanoa visu vyote, nikapima kwa mkono wangu urefu wa ubao usiopita. Nilitaka kuufunga ule mlango kwa misumari, tajiri amekataa, anasema vumbi litatuua na wateja watapita wapi. Kwa hiyo mlango utakuwa wazi nyuma yangu.

Nakuaga sasa, Fundi wangu. Mola akulaze pema, na akupe raha huko kuliko ulivyoipata kwetu. Mtoto wetu akizaliwa wa kiume atachukua jina lako, mama yake ameshakubali. Na ukiwa na neno nami, njoo nyumbani, njoo wakati wowote, kaa barazani, nitakuitikia kwa heshima zote na nitakuuliza hali mpaka uchoke.

Ila pale mashineni nakuahidi hivi. Nikisikia salamu nyuma yangu, iwe ya tajiri, iwe ya shekhe, iwe yako, na hata ikiniita kwa jina alilokuwa akiniita mama yangu, sitageuka. Nitapitisha ubao mpaka mwisho. Nitaondoa mkanda. Nitangoja chuma kinyamaze chenyewe. Hapo ndipo nitakapogeuka, na nitakuwa nimeshaweka mkono kifuani.

Nikikuta hakuna mtu, nitajua hukuwa wewe. Wewe ungengoja.

Mwanafunzi wako,
Saidi