Filamu Tatu Kutoka Nairobi

Migosi, Kisumu
Jumapili

Mpenzi Griffins,

Nilifika salama. Mama anakusalimia, na huku mvua imeanza.

Filamu zako tatu za kamera hazikuharibika. Kwenye uwanja wa ndege afisa alitaka kuzipitisha kwenye mashine ya eksirei. Nikamwomba, "Bwana, kagua kwa mkono tu. Mashine itaunguza picha za mume wangu." Akacheka, lakini akazikagua moja moja. Ndani ya ndege nilizipakata kama mtoto.

Jana nilizisafisha bafuni, gizani, vile ulinifundisha. Mbili ni za harusi ya dada yako. Ya tatu yote, picha thelathini na sita, ni Nduta, yule msaidizi wako wa studio. Nduta anacheka. Nduta anachana nywele. Nduta amelala kwenye kochi letu.

Niliishika juu ya jiko la makaa, mkono ukakataa. Nimeitia kwenye bahasha, nimemtumia yeye mwenyewe. Ni picha nzuri sana. Miaka sita umenipiga picha, Griffins, na hakuna hata moja ambamo ulinitazama hivyo.

Ni mimi,
Selpha