Tofali la Breki ya Mkono

Mtani Seifu,

Barua zote huanza kwa kuulizana hali. Yangu njema, ukiacha goti la kushoto. Yako sikuulizi, maana nilikuwapo ulipobebwa, na wabebaji walipokezana mara nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya hilo tumbo. Wewe mtoto wa mjomba, mimi mtoto wa shangazi. Watani hatuliliani, kwa hiyo usitegemee nianze na machozi. Naanza na lawama. Miaka yote nilikuwa nakusema pale kijiweni kwamba unakata kona bila indiketa, nawe ukicheka tu. Sasa tazama ulichofanya. Ijumaa umetoka msikitini, umekula wali kwa kambare, umejinyoosha mkekani, basi. Umekata kona bila indiketa, na sisi tuliokuwa nyuma yako tumekuvaa.

Ngoja nikupe habari za bajaji yako, maana najua hiyo ndiyo unayoiulizia kabla ya watoto.

Siku ya tatu, hitma ilipokwisha, nilivaa shati lako la kijani, lile lililoungua mfukoni. Nikafunga mto tumboni, nikatembea uani miguu nje kama bata. Kisha nikapanda kwenye bajaji nikaanza kuita, "Wa Nyamisati, wa Nyamisati! Boti haimngoji mtu!" Watu walicheka mpaka shehe akajifunika uso kwa mkono wa kanzu. Hata mkeo Zuhura, aliyekuwa ndani amekaa eda, nilimsikia akicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Hapo nikajua kazi yangu nimeifanya.

Ningeshuka wakati ule ningekuwa salama. Lakini muda mfupi kabla, kaka yako Athumani, unamjua, mtu wa kupanga mambo ya watu kabla chai haijapoa, alikuwa amesema bajaji ipakiwe kwenye lori la wanunuzi wa chuma chakavu. Nikapandwa na jazba. Nikashika usukani nikasema, "Hapa sishuki mpaka nikombolewe!" Si unajua ada yetu? Mtani akishika kitu cha marehemu hakiachii mpaka wenye msiba wamkomboe kwa kuku. Nilitazamia kuku. Jogoo mwekundu wa Athumani alikuwa anapita pale pale mbele yetu, nami nilishaanza kumwekea nazi kichwani mwangu.

Athumani hakumtazama jogoo. Alikuna ndevu akasema, "Basi kaa nayo, dada. Ikipata stika ya ukaguzi kabla ya arobaini, ibaki ya Zuhura na wanawe. Isipopata, utashuka mwenyewe, na lori litabeba." Wazee wote wakaitikia inshallah. Mimi muuza chai na vitumbua, nisiyejua plagi wala kabureta, nikaachiwa dude lako la magurudumu matatu.

Nilicheka na wenzangu, lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikata. Shamba lenu la bondeni lilikwenda na maji, unajua mwenyewe. Wanao watatu. Bila bajaji ile, chungu cha Zuhura hakina cha kuchemsha. Na bila stika haibebi abiria, maana siku hizi wakikukamata barabarani inalala kituoni.

Ukaguzi hufanyika kila Jumatano uwanjani. Jumatano ya kwanza nikaenda na Fundi Mbonde, yeye akiendesha, mimi nyuma nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Trafiki wa ukaguzi ni mgeni, katoka bara, mrefu, mkimya, viatu vinang'aa. Hatanii na hataki kitu cha mtu. Ni mtu wa haki kabisa, na tatizo letu lilikuwa hilo hilo.

Alianzia mbele. Mahali pa taa akakuta tochi ya betri tatu uliyoifunga kwa raba. Mahali pa kioo cha pembeni akakuta kile kioo cha Zuhura cha kujipodolea, chenye mfuko wa kitana. Alijitazama humo, akaweka kofia yake sawa, kisha akaandika kasoro. Tairi ya nyuma ilikuwa kipara kinachong'aa kuliko cha Athumani. Eksozi ulikuwa umeifunga kwa kamba ya ukindu, mtani, kama mtu anayefunga mkeka, na moshi ulikuwa unaingia ndani na abiria bila kulipa nauli. Akauliza taa ya breki. Mbonde akamweleza, bila haya, kwamba abiria wa nyuma hutoa mkono nje akapunga. Trafiki akageuza karatasi upande wa pili.

Alipokanyaga breki, mguu wake ulikwenda mpaka chini ukakaa huko. Nami nikakumbuka siku ile tunateremka na abiria wa boti na beseni langu la vitumbua, wewe unakanyaga, inakataa, unakanyaga, inakataa. Yule mama wa Mohoro akaanza kupiga shahada. Wewe ukageuka nyuma, ukiwa mwendo ule ule, ukatuambia, "Tulieni, wanangu, chombo hiki kina akili, kinajua kwao." Tukaingia wazima wazima kwenye rundo la pumba nje ya mashine ya kukoboa mpunga. Tulitoka weupe kama maiti waliosahaulika kuzikwa. Wewe ukajipangusa ndevu ukasema, "Si mmeona? Breki nimezishika."

Mwisho akauliza, "Breki ya mkono iko wapi?" Mbonde akainama chini ya kiti akatoa tofali.

Lile tofali, Seifu. La kuchoma, limevunjika pembe moja. Lilibaki ulipomaliza kumjengea Zuhura jiko, ukaniambia, "Nyumba imelikataa, mimi nimeliajiri." Miaka yote hiyo ukisimama mteremkoni ulishuka mbio na tumbo lako, ukaliingiza chini ya gurudumu, ukalipigapiga kama mtu anayemsifu punda. Trafiki alilitazama. Akanitazama mimi. Kisha akaandika kwa hati nzuri: tofali. Nilitaka kucheka, nikakumbuka chungu cha Zuhura, nikauma pindo la kanga.

Tukaenda kutafuta vipuri. Tangu serikali iseme ruksa kuleta bidhaa kutoka nje, madukani humu Kibiti kuna spea za kila namna: ya asili, ya kufanana na asili, na ile ambayo muuzaji anaifunga gazeti harakaharaka usije ukaitazama vizuri. Sisi tulipata hiyo ya gazeti. Mbonde alifunga taa, indiketa, honi, breki, akajifuta jasho akasema sasa ni mpya.

Jumatano nyingine trafiki akamwambia Mbonde awashe indiketa ya kushoto. Ikalia honi. Akamwambia akanyage breki. Wipa ikapangusa kioo mara mbili ikasimama. Trafiki akachora mstari mchangani, akasema chombo kije mbio kisimame pale. Kilikuja mbio. Nusu hiyo ya amri tuliitimiza vizuri sana. Mstari kiliuruka, kikapita bango la ukaguzi, kikaja kusimama kwenye meza yangu ya biashara niliyoipanga pembeni ya uwanja, na vitumbua vyote vya asubuhi vikaruka juu. Kimoja kiliangukia kiatu cha trafiki. Alikiokota, akanirudishia kwa adabu, akaandika.

Basi arobaini ilikuwa imebaki siku chache. Jioni ile nilipita kwa Zuhura nikasimama dirishani. Hakuniuliza habari ya ukaguzi. Aliniambia mtoto wenu mdogo, kila ikifika saa ya wewe kurudi, anakwenda kukaa mlangoni, na akiitwa hataki kuingia. Nilisema tu, "Haya shoga, kesho." Nikaondoka.

Asubuhi niliinjika birika, nikakaanga vitumbua vikanukia mpaka stendi ya mabasi, madereva wa bajaji wakaja na vikombe mkononi. Nikawaambia leo hanywi mtu chai asiyeleta kipuri. Sitaki pesa, nataka kipuri, tena cha asili. Maana nawajua, kila dereva ana kipuri kizuri kakificha chini ya kitanda anangoja siku mbaya. Nikawaambia siku mbaya imefika. Walinitukana, nikawatukana. Walinuna, wakakaa kivulini kunikomoa. Nami nikakumbusha kwa sauti nani aliwahi kuvutwa kwa kamba nawe alipokwama kwenye mchanga wa njia ya Nyamisati, nikawataja mmoja mmoja, na wapi, na alikuwa amebeba nini. Ilipofika saa nne akaja wa kwanza na kebo ya breki ya mkono, mpya, ameiviringisha ndani ya soksi. Adhuhuri meza yangu ilikuwa duka. Mbonde alifungua kila kitu akaanza upya, safari hii polepole.

Jumatano ya mwisho nilivaa kanga mpya. Trafiki alizunguka chombo mara tatu. Taa ikawaka pale pale ilipotakiwa kuwaka. Honi ikalia ilipoombwa. Mstari ulipochorwa, bajaji yako ilikuja mbio, ikasimama juu ya mstari kama imechorwa nao. Aliipandisha mteremkoni mwenyewe, akavuta breki ya mkono, akashuka akaiacha. Haikwenda popote. Tofali lilikuwa chini ya kiti, halina kazi. Kisha akaandika neno moja moja, akabandika stika, akanipa karatasi. Mbele ya kasoro ameandika: hakuna.

Seifu, nililia. Nililia pale pale katikati ya uwanja, kanga usoni, mabega yanaruka. Siku ya kukuzika sikulia. Hitma sikulia. Sasa naambiwa kitu chako hakina kasoro, ndipo nikaelewa kuwa hakiko tena mikononi mwako, na wewe hurudi. Trafiki alichanganyikiwa, masikini. "Mama, imepita," ananiambia. "Mama, mbona imepita!" Nadhani ni mara ya kwanza mtu anamlilia kwa kupasi.

Mbonde aliniona, na Mbonde hajui kufunga mdomo. Kabla ya adhuhuri Kibiti nzima ilijua kuwa mtani kamlilia mtani, na faini yake unaijua: kuku.

Siku ya arobaini Athumani akaja na jogoo wake mwekundu kwapani kunikomboa. Aliikagua stika, akaigusa, akasema tu, "Haya. Mmeniweza." Nikamwambia jogoo abaki naye, awe faini yangu ya machozi. Ukombozi wangu ni kitu kingine: tofali lako likufikie. Nikatoa tofali chini ya kiti nikampa. Alilijua. Alilipokea kwa mikono miwili, mtu mzima yule na ndevu zake, akasema atalipeleka kwa mkono wake.

Yale makaburi yetu yana mteremko, na wewe wamekulaza pale yanapoanza kushuka. Athumani amelizamisha tofali miguuni pako, upande wa bondeni. Nasikia alilipigapiga.

Mbonde anaiendesha bajaji kwa niaba ya nyumba yako, na jioni anapita mlangoni kwenu kwanza kabla ya kuilaza. Mtoto bado anakaa mlangoni, ila sasa anapandishwa, anazungushwa mara moja, anaingia ndani kula. Zuhura anasema akitoka eda atajifunza kuiendesha mwenyewe. Barabara ya Kibiti ijiandae.

Kijiweni nimebaki na ulimi usio na wa kumchapa. Juzi nilitukana hewa, ikanyamaza. Nakukosa, mtani, nasema wazi, na hili usimwambie yeyote huko uliko. Nakuahidi kila Jumatano nitakusema vibaya mbele za watu kwa jina lako kamili, na wanao nitawafundisha wanitukane kama ulivyonitukana wewe, wasije wakakua bila utani. Na stika ikiisha muda tutakwenda tena, mimi na kanga yangu.

Mungu akulaze pema na akuvumilie. Miguu yako iegemeze hapo kwenye tofali, usije ukaserereka ukatuacha mbali zaidi ya hapo.

Mtani wako,
Tatu