Ngamia wa Mia Moja

S.L.P. 47,
Garissa.
14 Machi, 1995

Mpendwa Abdirahim,

Assalamu aleykum. U mzima huko Tanga? Umenenepa? Chakula kinashuka, usingizi unakuja? Nauliza kwa sababu mimi Rage, adeer wako, ndugu wa baba yako, silali vizuri siku hizi, na ningependa angalau mtu mmoja katika ukoo huu awe anapata usingizi.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Mvua hakuna, maji ya Tana yamepungua, bei ya mbuzi imeanguka. Mambo ya kawaida.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama "yale mambo yamepoa". Yale mambo! Umemgonga mtu na lori pale njia panda ya Modogashe, mchunga ngamia mwenye watoto, ukashuka, ukamtazama, ukakimbia. Leo unayaita "yale mambo", utadhani ulivunja sahani ya jirani. Haya, ngoja nikueleze yalivyopoa.

Watu wa marehemu walidai diya, fidia ya damu: ngamia mia, kama ilivyo desturi. Wakasema waletwe kabla ya Ijumaa, mia kamili, na akipungua hata mmoja watachukua mtu. Hawakusema nani. Wiki ile kila mama hapa alimfungia mwanawe ndani.

Ukoo wetu una wanaume kumi wenye mifugo, ukiwamo wewe. Lakini wewe ngamia aliokuachia baba yako uliwauza hapa hapa soko la Garissa, kwa bei ya kutupa, damu haijakauka barabarani, ukatoweka na pesa zako. Kwa hiyo tukabaki tisa. Tulikaa uani kwangu kutwa nzima tukigawana ngamia hao, kelele mtindo mmoja, hakuna anayemsikia mwenzake. Nikasema aitwe Filsan. Ndiyo, mdogo wako. Yuko darasa la sita, na hesabu za namna hiyo ndizo anazopewa kila siku: machungwa kadhaa yagawiwe watoto kadhaa, kila mmoja apate mangapi na yabaki mangapi. Mzee Jama alisema si vizuri kumwita mtoto kwenye jambo kama hili. Nikamwambia deni limetoka nyumbani kwao, na hesabu ifanywe na wa nyumbani kwao.

Akaja na sare yake ya shule, akachuchumaa, akaandika mchangani kwa kidole. Mia gawanya kwa tisa. "Kila mmoja kumi na moja, baki moja."

Jama akamwuliza, huyo mmoja anatolewa na nani? Maskini, akasema hajui, shuleni baki huandikwa pembeni ya jibu na mwalimu anaweka tiki. Tukacheka, Abdirahim. Tangu ajali yako hatukuwa tumecheka, basi tulicheka mpaka tukakohoa. Yeye akadhani amekosea. Akafuta, akaanza upya, na safari hii akagawa kwa kumi. Ungeona alivyofurahi! "Nimepata! Kaka akihesabiwa, kila mmoja anatoa kumi, na baki hakuna."

Akatutazama usoni mmoja mmoja, anangoja tumwambie amepata. Nikamwambia, kaka yako hayupo, rudisha tisa. Akarudisha, huku machozi yanadondokea pale pale anapoandika.

Basi ikawa kuna ngamia mmoja hana mwenyewe. Nani atoe wa kumi na mbili? Kila mtu alikuwa na lake, huyu ana harusi, yule ukame umemmaliza. Najua utauliza, na wewe Rage je? Ninao, tena wengi. Sikutoa. Kumi na moja walinitosha kwa kosa nisilolifanya, na huyo mmoja nilitaka aonekane anatoka wapi.

Alitoka kwa mama yako Abshiro. Mjane hahesabiwi kwenye diya, unajua, wala hakuna aliyetuma mtu kwake. Alisikia tu zogo letu, akaja akimvuta yule jike mweusi, wake wa pekee, ambaye yeye na Filsan walikuwa wanaishi kwa maziwa yake. Ndama alikuwa anafuata nyuma, akamrudisha kwa fimbo. Akaitupa kamba miguuni pangu. "Mia hiyo," akasema, akaenda zake. Wanaume tisa, wenye ndevu zetu, tukakaa pale, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia achukue mnyama wake arudi naye. Ijumaa walipelekwa wote. Ndama akafa wiki iliyofuata.

Kwa hiyo ndiyo, yamepoa. Ukitaka kurudi hata kesho rudi, hakuna atakayekugusa. Mama yako sasa anafua nguo za watu mjini. Filsan shuleni haendi tena, anamsaidia kubeba maji. Mwalimu wake alikuja mara mbili kuuliza, akachoka.

Jama anakusalimu. Mke wangu Rukiyo anakusalimu sana, anasema ujitunze, yeye moyo wake ni laini. Filsan aliniuliza Tanga ni mbali kiasi gani, nikamwambia ni mbali.

Mama yako nilimsomea barua yako mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyoniomba. Akaendelea kukamua nguo. Juzi alikuja mgeni wa Rukiyo kutoka Kotile, mama mchangamfu, na katika mazungumzo akamwuliza mama yako Mungu amemjalia watoto wangapi. Akajibu, "Mmoja, wa kike." Nilikuwa nimekaa pale pale. Sikumsahihisha.

Mungu akupe afya na umri mrefu, na asikusahaulishe kitu hata kimoja.

Ni mimi adeer wako, ninayetamani kuacha kukupenda,

Rage