Mara Tatu Kwenye Ukungu

2 Machi

Shemeji yangu Kitinda,

Habari za huko? Mafua yako yameisha? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Kazi nimepata. Tuko washonaji kumi na wawili ghorofani, tunashona sare za shule, na mimi wamenipa upande wa kola. Msimamizi wetu ni mama mkali kweli, ananusa hadi vikombe vya chai kujua nani amezidisha sukari. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama ukuta. Nimelipenda. Bahari sitaki kuiona.

Kuna jambo linanikosesha raha. Yule samaki chewa uliyemleta siku aliyopotea kaka yako baharini, tukawapikia watu waliokuja kutupa pole, nilimsafisha mwenyewe kwa sababu mikono ilikuwa inatafuta kazi. Ulisema ulimvua jana yake. Kitinda, matamvua yake yalikuwa mekundu bado. Nimekaa na mvuvi miaka tisa, samaki wa jana namjua.

Siulizi kwa ubaya. Niambie tu.

Shemeji yako, Mshonaji

9 Machi

Shemeji Mshonaji,

Salamu nyingi, na pole ya mgongo. Mafua yameisha, yamebaki makamasi ya heshima tu. Nyumba iko salama. Paa nimeliziba, ingawa ukiliona utasema nimelitoboa.

Kayaki ya kaka nimeilaza ukutani, tumbo juu, kando ya yangu. Wenye mashua bado wanatucheka sisi wa plastiki, ati tunavua tukiwa tumekalia beseni. Waache. Bahari imechafuka wiki ya tatu hii na ukungu hauondoki mpaka saa tano asubuhi, lakini naingia hivyohivyo. Siku hizi sivai ile kofia uliyonifumia, inaziba masikio.

Kuhusu samaki, unajiumiza bure. Nilimvua jana yake nikamlaza kwenye barafu. Ukungu ulipoingia siku ile nilikuwa nimeshatoka majini, nakunywa chai kwa muuza chambo. Kula vizuri, usikonde.

Shemeji yako, Kitinda

17 Machi

Kitinda,

Natumaini u mzima. Barafu gani? Mashine ya barafu pale gatini ilikuwa mbovu wiki nzima. Ulikuja kwangu kulalamika, na ukala na sahani ya kaka yako.

Sijakukasirikia. Nataka kujua kitu kimoja: mume wangu aliita? Kama aliita, nijue. Kama maji yalimchukua ghafla, hakupata hata nafasi ya kuita, pia nijue. Kukaa katikati ndiko kunakoniua. Pasi ikitoa mvuke nabaki nimeshika kola mkononi mpaka msimamizi aniguse bega.

Shemeji yako, Mshonaji

30 Aprili

Shemeji,

Hujambo? Nisamehe kwa kunyamaza wiki sita. Kila nikianza barua nakwama baada ya salamu.

Aliita. Nilikuwa majini.

Sheria yetu ya ukungu unaijua: filimbi mara tatu ni kuuliza “uko wapi?”, mara mbili ni kujibu “niko hapa”, na anayesikia lazima ajibu, hata kama anayeita hampendi. Sasa sikiliza. Siku tano mfululizo nilikuwa nimerudi mikono mitupu, na kaka alishanipa jina jipya mbele ya watu, Mwogeshaji wa Chambo. Nilicheka nao lakini iliniuma. Siku ile, pale kwenye jabali, chewa akashika ndoana. Mzito, ananivuta na kayaki yote, na mawimbi yananipiga ubavuni. Ndipo nikasikia mara tatu, kwa mbali, hafifu sana. Nikasema moyoni, huyo yuko mbali na hana haraka, ngoja nimtoe samaki kwanza nikamwonyeshe.

Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mshipi. Lakini filimbi ilikuwa inaning'inia kifuani, ningeidaka kwa meno. Sikuidaka.

Akaita tena mara tatu. Akaanza tena, safari hii ikakatika kwenye ya pili. Nilipompandisha samaki nikapuliza mara mbili, nikapuliza mpaka nikaona nyota. Kimya. Kilichobaki unakijua. Kayaki yake tuliikuta imepinduka, yeye hatukumkuta mpaka leo.

Sikuweza kumtupa yule samaki. Ukampika, watu wakala, wakanishukuru. Mimi nilikula mkia. Tangu siku ile, kila ukungu ukishuka namsikia.

Kitinda

5 Juni

Kitinda,

Salamu. Barua yako ilikaa chini ya godoro mwezi mzima. Wiki mbili za kwanza nilikuchukia, nisikudanganye. Halafu nikajitazama mimi.

Fungua kifurushi. Hiyo ni filimbi ya kaka yako, alama za meno yake unazijua. Kamba ilikatika jioni ya kuamkia siku ile, akanipa nitie nyingine, nikaitupia kwenye kopo la vifungo. Asubuhi akaniuliza iko wapi. Tulikuwa tumenuniana, nadhani ni kwa ajili ya ndoo. Nilikuwa nimeelekea ukutani, nikamwambia atafute mwenyewe. Nilijua iko wapi, Kitinda. Akaondoka bila filimbi.

Kwa hiyo uliyemsikia si yeye. Ni mvuvi mwingine, au ndege. Mume wangu hakuwa na cha kupuliza. Wa kulaumiwa ni mimi. Wewe jipumzishe.

Shemeji yako, Mshonaji

21 Juni

Shemeji,

Natumaini mgongo umepoa. Filimbi imefika. Nilikaa nayo mezani siku mbili, nikalia kama mtu aliyesamehewa. Ningeishia hapo, ningekuwa salama.

Lakini sikutulia. Nikamwuliza kila mwenye mashua na kila mwenye kayaki. Hakuna aliyekuwa majini siku ile zaidi yetu. Juzi ukungu ukashuka. Nikampa muuza chambo hiyo filimbi apulize kutoka gatini, nami nikaenda kukaa palepale kwenye jabali. Nikaisikia. Shemeji, filimbi ina punje ndani, sauti yake inatetemeka. Niliyoisikia siku ile haikutetemeka. Ilikuwa nyembamba, imenyooka, inapanda mwishoni. Ni mluzi. Ni ule mluzi wa vidole aliokuwa akiniitia nirudi nyumbani tulipokuwa watoto. Nilishindwaje kuutambua?

Na mluzi hauendi mbali kama filimbi. Filimbi ukiisikia hafifu vile, mtu yuko mbali. Mluzi ukiusikia hafifu vile, mtu yuko karibu. Hatua mia moja tu. Ningepiga kasia mara arobaini, na ningekuwa nimemshika mkono.

Ningeweza kukuficha. Nimechoka kuficha.

Kitinda

28 Juni

Kitinda wangu,

Nilijua.

Alipofika mlangoni alisema, “Haya, vidole ninavyo.” Na akacheka, maana kununa kulikuwa kunamshinda. Sikugeuka kumtazama. Hilo sikukuandikia. Nilitaka mmoja wetu apone, nikaona afadhali uwe wewe.

Basi hatujapona wote wawili. Aliniuliza mimi filimbi, nikamficha. Alikuita wewe, ukanyamaza. Naumia, na bado nakupenda, wewe ndiye uliyebaki mwenye sauti kama yake.

Nisikilize. Ukungu ukishuka, nenda mpaka ufukweni na filimbi yake, ukisikia umjibu. Mara mbili, kama mlivyokubaliana. Mjibu mpaka atosheke. Lakini miguu ibaki mchangani. Usiingie majini, Kitinda. Naomba ruhusa kazini nije tumjibu pamoja.

Shemeji yako, Mshonaji

11 Julai

Shemeji,

Hujambo? Mimi naendelea. Nimefanya ulivyosema. Siku tatu aliita mara tatu, nikajibu mara mbili nikiwa mchangani. Muuza chambo alikuwa kando yangu, anasema hasikii kitu, ila ananiletea chai na hanicheki.

Leo asubuhi hakuita. Nikangoja mpaka nikaogopa. Mwisho nikauliza mimi. Nikapuliza mara tatu.

Nimejibiwa mara mbili, Shemeji. Mluzi. Karibu sana, hatua mia moja, labda hazifiki.

Bahari imechafuka lakini kesho itakuwa nafuu.

Kitinda

19 Julai

Kitinda,

Barua yako imefika leo. Hiyo “kesho” uliyoiandika imeshapita wiki nzima. Uliingia? Niambie hukuingia. Nilikwambia miguu ibaki mchangani. Nijibu hata kwa mstari mmoja, hata matusi. Uko wapi?

Shemeji yako

30 Julai

Kitinda,

Nimempigia simu muuza chambo. Anasema kayaki moja tu iko ukutani, na hajui kama ni yako au ya kaka yako, zote anaziona sawa. Anasema jua limewaka siku nne, wamekutafuta lakini hawajaona kitu. Sijamwambia mtu hapa kazini. Nimeshona kola zote nje ndani. Uko wapi?

Shemeji yako

8 Agosti

Kitinda,

Nimepata ruhusa, kesho napanda basi. Nimenunua filimbi dukani, nimeitia kamba mwenyewe, nimeivaa shingoni. Barua hii naitanguliza, wakusukumie chini ya mlango.

Uko wapi?