Taa ya Chumba cha Wazazi

Bukoba,
Julai 1976

Kaka mpendwa Clavery,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Morogoro. Mama ni mzima, goti tu linamsumbua akienda kanisani.

Mwezi uliopita ofisi ilitutuma Kagoma kupima kama mtambo wa mfano wa gesi ya samadi, uliojengwa na serikali kwenye zahanati, umefaa, ili vijiji vingine navyo vipewe fedha. Mkuu wetu, Ndugu Rutashobya, alifurahi kuona taa ya chumba cha wazazi inawaka. Mimi niliuliza samadi inatoka wapi. Mwanakijiji mmoja akasema ng'ombe ni wachache na kila mtu anataka samadi kwa migomba yake. Anayelisha mtambo ni mama mmoja tu.

Alikuwa shangazi yetu Kemilembe. Nilimkuta nyuma ya zahanati, kikapu kichwani, miguu imevimba. Samadi ya ng'ombe wake yote aliileta pale, nyingine akaiomba nyumba kwa nyumba. Ungekiona kibanja chake, migomba ilivyonyauka kwa kukosa samadi, kaka, ungelia.

Kikaoni nilisema mtambo ni mzima, ila kijiji hakiwezi kuulisha, na mingine ikijengwa itakufa vivyo hivyo. Wote walikubali. Fedha zikasimamishwa, mabomba ya pale zahanati yakang'olewa, na taa ikazimika.

Nilirudi mwenyewe kumweleza. Hakukasirika. Alinipa kahawa ya kutafuna, akasema nimesema kweli. Kisha akaniambia jambo ambalo hata wewe hulijui. Binti yake Felicitas hakufa kwa homa, kama tulivyoambiwa. Alikuwa anajifungua pale zahanati, mafuta ya taa yakaisha. Alivuja damu gizani, shangazi amemshika mkono akidhani amelala. Alituficha ili mkunga, jirani yake, asilaumiwe.

“Sikutaka mwingine afe mama yake asimwone uso,” alisema.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kabla ya kikao. Alijibu kwamba mimi niliuliza habari za samadi tu.

Hata leo ningetoa maoni yale yale, kaka, na hilo ndilo linaloninyima raha. Sasa samadi anaipeleka kwenye migomba yake, kama nilivyomshauri. Migomba itapona. Yeye sijui.

Tafadhali mwandikie. Mama anakusalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba yetu.

Mdogo wako,
Adventina