Akaunti Moja, Nyumba Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Mjini, Unguja
Jumatatu, 19 Mei 2025, saa 3:20 asubuhi

Jina: Sumaiya Khatib Simai
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi wa kushona mapazia
Makazi: Jang'ombe

Nimeapa kusema kweli, nami nnaanza na hili: Riyama simpendi. Ni mke mwenzangu, mwaka wa nne huu, anakaa Mpendae, na hatusemezani. Afande ameniuliza kama hilo linahusu kesi. Linahusu, aliandike.

Mume wetu ni Amour Ubwa, ndiye aliyeleta malalamiko haya. Ana akaunti moja kwenye duka la magemu la mtandaoni, na ameifungua kwenye kompyuta yangu na ya Riyama. Yeye hucheza mpira. Mimi nina gemu ya shamba. Nikishamaliza kushona hukaa na ng'ombe wangu, nnao thelathini na wawili. Lakini akaunti ile haitaki watu wawili kwa pamoja. Akifungua wa pili, wa kwanza anatolewa. Mara ngapi nimetolewa ng'ombe hawajakamwa.

Amour akatupangia kuwa zamu ya akaunti ifuate zamu yake. Siku mbili yuko kwangu, mbili kwa Riyama. Mwenye mume aiache akaunti, asiye na mume acheze. Nilikubali shingo upande. Tokea mwezi wa pili mambo yakaharibika, Amour akiwa Mpendae nami nikifungua, natolewa. Nikimlalamikia, anasema Riyama huyo, atamkanya. Nikawa nameza tu.

Mnamo tarehe 18 Mei, Jumapili, saa 9:10 alasiri, nilitolewa mara ya tatu siku hiyo. Uvumilivu ukanishinda. Nikampigia Riyama simu, ya kwanza toka aolewe, hata salamu sikutoa.

"Mume unaye, na gemu waitaka? Niachie japo kimoja."

Akasema, "Dada Sumaiya, wewe si mgonjwa? Ameniaga saa saba, anakuja kukuuguza presha."

Mimi sina presha. Nikamwambia kuwa kwangu nako huaga akisema mtoto wa Riyama ana homa. Riyama akasema mtoto mzima, hana homa. Basi sote tukajua kuna wa tatu.

Riyama akampigia Hasan, fundi wa kompyuta zetu. Alisitasita, mwisho akasema alimfungia Amour kompyuta nyingine katika chumba cha kukodi Mlandege, juu ya duka la vitambaa. Tukachukua teksi moja. Saa 10:25 tukabisha hodi.

Amour alifungua kavaa kikoi, visikilizio shingoni. Riyama akafungua kabati. Mimi nikatafuta kitanda nichungulie uvunguni, kitanda hakuna. Kulikuwa na meza, kompyuta yenye gemu yake ya mpira, kiti kimoja na kikombe kimoja.

Nikamuuliza, "Yuko wapi?"

"Nani? Mimi nnapumzika tu."

Riyama aliuvuta waya wa umeme, kompyuta ikadondoka, kioo kikapasuka. Hakuirusha kama Amour anavyodai. Sikumzuia, na lau ningeufikia waya kwanza, ningeuvuta mimi.

Wallahi, laiti tungemkuta mwanamke. Mwanamke ningempa zamu yake, ningemteta, ningejua pa kumuweka. Kiti kile nikichukieje?

Riyama yumo ndani toka jana. Mtoto wake, Wanu, wa miezi kumi, yuko kwangu. Maziwa ya kopo hayataki, amelia mpaka sauti imemkauka. Naomba mama yake atoke leo. Kama kuvuta waya ni kosa, tuandikwe wawili.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni hayo, na sina la kupunguza.

Sahihi: S. K. Simai

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Aliomba sentensi ya kwanza kuhusu Bi Riyama ifutwe. Nilimjulisha kuwa maelezo hayafutwi, ila aweza kuongeza neno pembeni na kutia sahihi. Ameandika kwa mkono wake: "Hiyo ilikuwa kabla ya Jumapili."

Koplo Mkadam, saa 4:15 asubuhi